Tulipokwenda Nyeri kutafuta vinyonga na vyura

Na Mwandishi Wetu

Mambo yote yalianza kwa kazi ya shule. Binti yetu wa kwanza, ambaye ana umri wa miaka 12, alirudi nyumbani mwishoni mwa muhula na karatasi kutoka kwa mwalimu wake wa sayansi. Alitakiwa kutaja wanyama watano watambaao na vyura wa aina tatu aliowaona kwa macho yake mwenyewe, si vitabuni wala kwenye televisheni, na aeleze walikuwa wakifanya nini.

Tuliketi mezani tukahesabu. Mjusi wa ukutani, mmoja. Chatu tuliyemwona katika bustani ya nyoka iliyo karibu na Makavazi ya Taifa jijini Nairobi, wa pili, ingawa ndugu yake mdogo alipinga vikali akisema yule alikuwa nyuma ya kioo na hakuwa akifanya lolote. Hapo tukakwama. Upande wa vyura hali ilikuwa mbaya zaidi. Katika mtaa wetu usiku tunasikia mbwa, matatu na mikesha ya maombi, lakini chura hatumsikii.

"Mama, wewe umewahi kuona chura?" kitinda mimba akaniuliza.

Mpenzi msomaji, swali hilo lilinichoma. Mimi nilizaliwa Tetu, katika Kaunti ya Nyeri, na chini ya shamba letu palipita kijito. Utoto wangu wote nilibembelezwa na vyura hadi nikapata usingizi. Na leo mwanangu wa miaka minane ananiuliza swali kama analoniuliza kuhusu vita vya zamani!

Papo hapo nikamwambia mume wangu kwamba likizo ya Aprili hatuendi Mombasa. Tutakwenda kwa cucu, tutalala katika hema, kisha tutapanda hadi Mlima Kenya, na watoto watawaona viumbe hao mpaka waseme basi. Aprili ni mwezi wa mvua, na mvua ndiyo huwatoa vyura mafichoni.

Kuna jambo moja ambalo sikulitaja. Mimi namwogopa kinyonga. Si woga wa mzaha. Nikimwona, miguu hukataa kunibeba. Nyoka naweza kumtazama kwa mbali nikasema ni kiumbe cha Mungu, lakini kinyonga anapokugeuzia jicho moja huku lingine likitazama kwingine, nahisi kama amenijua.

Hema uani

Tuliondoka Nairobi alfajiri, tukapitia Thika, Sagana na Karatina. Ndani ya gari mlikuwa na hema la watu wanne, magodoro ya sponji, blanketi nyingi, jiko la gesi, tochi za kufunga kichwani, na gambuti kwa kila mmoja. Tulifika kwa cucu saa tano hivi. Alipoona hema likitolewa alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hata vitanda vyangu mmevikataa?" akauliza. "Ama Nairobi mmesahau nyumba ni ya nini?"

Ilichukua vikombe viwili vya chai kumweleza kwamba tunataka kulala nje kwa sababu ya vinyonga. Aliposikia neno hilo alinitazama mimi, binti yake, kwa jicho ambalo hata watoto walilifahamu. Yeye ndiye aliyenifundisha ule woga.

Siri ya kumtafuta kinyonga ni kumtafuta usiku. Mchana anafanana na jani na unaweza kumpita mara kumi. Lakini usiku hulala kwenye ncha ya kitawi chembamba, mbali na shina, ili adui akipanda kitawi kitikisike na kumwamsha. Isitoshe, akilala rangi yake hufifia ikawa nyeupe-nyeupe. Ukipitisha tochi polepole juu ya ua, majani hubaki ya kijani na yeye hung'aa kama karatasi iliyosahauliwa mtini.

Saa mbili usiku tulikuwa tukizunguka boma, tochi vichwani kama wachimba migodi. Haikupita hata nusu saa. Binti yangu alinyamaza ghafla, kisha akanong'ona, "Baba, njoo."

Alikuwa dume mwenye pembe tatu, moja juu ya pua na mbili mbele ya macho, mkia umeviringwa kama uzi kwenye kidonge. Hatua tatu kando alilala jike, mnene, asiye na pembe. Hawa ndio vinyonga ambao wazungu huwaita wa Jackson, kwa jina la Frederick Jackson, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda. Wataalamu waliwapa jina hilo mwaka wa 1896, ingawa watu wa Nyeri walikuwa wakiwakimbia karne nyingi kabla ya hapo. Kwa Kikuyu ni kimbu.

"Kama dinosari!" kijana akapiga ukelele. Mimi nilikuwa tayari nimerudi hatua kumi nyuma, nimesimama kando ya zizi la ng'ombe.

Mjumbe aliyekawia

Kelele hizo zilimtoa cucu nyumbani na panga mkononi. Hakuwa na mchezo. Kwake yeye kinyonga ni mkosi, na mkosi hauachwi uani karibu na wajukuu.

Binti yangu alisimama mbele ya ua akamuuliza kisa. Cucu akasimulia, pale pale gizani, hadithi niliyosimuliwa mimi na yeye alisimuliwa na nyanya yake. Kwamba hapo zamani Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu hawatakufa kabisa, bali watarudi. Kinyonga akaenda mwendo wake ule, hatua moja mbele na nusu nyuma. Alipofika akaanza kugugumiza: niliambiwa... niliambiwa... Kabla hajamaliza, ndege akafika na ujumbe mwingine, kwamba watu watakufa na ndio mwisho wao. Hivyo basi, kila kaburi tunalochimba ni deni la kinyonga. Hadithi hii, kwa namna moja au nyingine, inasimuliwa pia Ukambani na katika sehemu nyingi za Afrika hadi kusini.

Msichana alifikiri kidogo. "Lakini cucu, yeye alikuwa na ujumbe mzuri. Aliyeleta ule mbaya ni ndege. Mbona kuku humkati?"

"Kuku namkata kila Krismasi," cucu akajibu, na sote tukacheka isipokuwa yeye. Hata hivyo panga lilishuka. Wakaafikiana kwamba vinyonga waachwe mpaka wageni waondoke. Baada ya hapo, alisema, ua ni wake.

Kijito

Asubuhi niliwaambia watoto wavae gambuti, nikawashusha shambani kwenda kwenye kijito. Njiani niliwaeleza jinsi tulivyokuwa tukichota maji pale na vibuyu vidogo, na jinsi chini ya majani ya nduma palivyokuwa na mayai ya vyura yaliyoshikamana kama shanga katika uzi. Nilikuwa nikijaribu kuyainua nijivike shingoni, lakini yalikuwa yakikatika kila mara. Baada ya siku kadhaa shanga zile zilipotea na badala yake maji yakajaa viluwiluwi weusi wenye mikia.

Wasomaji wengine wataona kama nimeiba maneno ya mtu. Sikuiba, ila si mimi peke yangu. Marehemu Profesa Wangari Maathai alizaliwa mwaka wa 1940 katika kijiji cha Ihithe, hapo hapo Tetu. Alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel mjini Oslo mwezi wa Desemba 2004, aliwasimulia waliohudhuria habari za mayai ya vyura kama shanga na viluwiluwi katika kijito cha nyumbani kwao, na jinsi kijito hicho kilivyokauka. Nakumbuka siku ile nilifurahi kwamba viluwiluwi wa Tetu wamefika hadi Ulaya. Sikuwaza juu ya kijito chetu. Nilidhani kipo.

Tulifika chini. Palikuwa na bonde, majani makavu ya mikaratusi hadi vifundo vya miguu, na mfereji mwembamba wa udongo uliolowa kwa mvua ya juzi. Nduma hakuna. Maji hakuna. Mikaratusi ilisimama safu kwa safu, mirefu, imenyooka, na upepo ukipita juu sauti yake ilikuwa kama ya maji, jambo lililonikasirisha zaidi.

Watoto hawakusema kitu. Kijana alifunua jiwe moja, akalirudisha.

Nilipanda mlima ule na hasira zangu hadi jikoni. Nikamuuliza mama ni nani aliyepanda mikaratusi kwenye kijito. Hakujua kwamba mti mmoja mkubwa hufyonza maji usiku na mchana? Hakusikia redioni mwaka wa 2009 jinsi marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, alivyoagiza miti hiyo ing'olewe kando ya mito?

Mama aliendelea kumenya viazi. "Ya kwanza niliipanda mimi," akasema. "Uliposhinda mtihani wa darasa la nane baba yako hakuwa na pesa. Kahawa ilikuwa hailipi. Tukauza nguzo. Tukapanda nyingine, tukauza nguzo. Hiyo miti unayoitukana ndiyo iliyokuvalisha sare ukaenda sekondari. Ndugu yako sasa anasomesha wake."

Nilikaa kwenye kigoda. Nitasema nini? Ni kweli pia kwamba mikaratusi haikufanya kazi hiyo peke yake. Huko juu watu wameweka pampu za kunyunyizia mboga, mashamba yamelimwa hadi ukingoni kabisa mwa maji, na dawa za kuua wadudu hushuka na kila mvua. Chura hanywi kwa mdomo, bali hunywa kwa ngozi, na sehemu ya pumzi yake hupitia hapo hapo. Kilichomo majini kimo mwilini mwake. Ndiyo sababu yeye huondoka kabla ya wengine. Uchunguzi wa dunia nzima uliotangazwa mwaka wa 2023 ulionyesha kwamba karibu asilimia 41 ya jamii za vyura na wenzao wako katika hatari ya kutoweka, wakiwashinda ndege na hata mamalia.

Lakini hayo sikumwambia mama. Nilichukua kisu nikamsaidia kumenya viazi.

Kaburi la skauti mkuu

Tuliondoka mchana kuelekea Naro Moru. Nyeri mjini tulisimama kidogo tu, kwa ajili ya binti ambaye ni skauti. Alitaka kuliona kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki Januari 8, 1941 katika nyumba yake ndogo ya Paxtu, kwenye bustani za Hoteli ya Outspan. Juu ya jiwe la kaburi kuna duara lenye nukta katikati, alama ambayo maskauti huiweka njiani kuonyesha kwamba aliyepita amekwenda nyumbani. Hatua chache kutoka hapo amelala Jim Corbett, yule mwindaji wa chui milia wa India. Watoto waliona ajabu kwamba watu walioizunguka dunia walichagua kuzikwa Nyeri. Mimi sioni ajabu.

Naro Moru iko kaskazini, upande mkavu wa mlima. Tulipiga hema kando ya mto, katika uwanja wa wapiga kambi. Mwenye uwanja alitupatia mwelekezi, mzee mmoja ambaye zamani alikuwa mlinzi wa msitu, mtu wa maneno machache na macho makali.

Kwanza alitupa masharti yake. Usitie mkono mahali ambapo jicho halijafika. Usiruke gogo, likanyage kwanza utazame ng'ambo. Asubuhi kung'uta viatu. Usiku usitembee bila tochi, kwa sababu upande ule wa Kieni kuna bafe, nyoka mnene mwenye mabaka ambaye hakimbii akisikia nyayo, bali hulala pale pale njiani akitumaini hutamwona. Na mtu akiumwa? Mzee alisema usichanje, usinyonye, wala usikaze kamba. Mtulize mtu, funga mguu usitikisike kama uliovunjika, kisha mkimbize hospitali. Mume wangu aliandika yote hayo kwenye daftari, naye si mtu wa kuandika.

Kijana aliuliza kama tungeona nyoka wa rangi za ajabu. Mzee akasema kwa hao tungezunguka mlima hadi upande wa mashariki. Huko katika misitu ya Chuka na milima ya Nyambene kuna nyoka wa mitini mwenye sumu ambaye hapatikani nchi nyingine yoyote. Wataalamu walimtambua mwaka wa 1968, kazi ya James Ashe, ambaye baadaye alianzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu. Wenye kufuga nyoka ng'ambo wanamtamani mno, hata Kenya ikaomba awekewe ulinzi katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama, na mwaka wa 2016 ombi likakubaliwa. Hatukwenda kumtafuta, wala mimi sikusikitika.

Kuhesabu kwa masikio

Mvua ilinyesha saa kumi na moja ikakatika magharibi. Kisha wakaanza.

Kwanza alikuwa mmoja, kule matopeni, kama mtu anayegonga kijiti juu ya chupa. Akajibiwa na wa pili. Baada ya dakika chache ukingo wote wa mto ulikuwa ukilia, na kijana wangu akaziba masikio, akazibua, akaziba tena, akicheka. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni mwa hema, na sijui ni moshi wa kuni ama ni nini, lakini niliomba leso.

Mzee aliwafundisha watoto kuhesabu kwa masikio kabla ya macho. Sauti ya kugonga ni ya vyura wadogo wa kwenye matete, na madume tu ndio huimba, wakiita majike. Ile ya kukoroma kwa mkatomkato ni ya chura mkubwa wa mtoni, mwenye miguu mirefu. Tulipokaribia na tochi wote walinyamaza. Mzee akatuambia tusimame, tuzime. Tulisimama gizani kwa muda, maji yakiingia katika gambuti langu la kushoto, mpaka mmoja akajisahau akaanza upya. Tukawasha. Alikuwa juu ya tete, hazidi ncha ya kidole gumba, na koo lake limefura kama puto kuliko kichwa chake.

Mzee alimwita mwingine, mdogo wa rangi hafifu, kwa jina la kiengere. Hapo mume wangu akakumbuka. Katika kitabu cha Jomo Kenyatta juu ya Wakikuyu, kilichochapishwa mwaka wa 1938, imeelezwa kwamba mtabiri Mugo wa Kibiru alitabiri kuja kwa wageni ambao ngozi yao ingefanana na ya chura huyo. Kwa hiyo watu wa nchi hii walipotaka kumweleza mzungu ambaye hawajamwona, walimtumia chura ambaye kila mtoto alimjua. Leo tungelazimika kufanya kinyume.

Mzee pia alikuwa na habari ambayo ilimfanya binti yangu asilale. Mwaka wa 2015 mtafiti Patrick Malonza wa Makavazi ya Taifa alimpata katika msitu wa Mlima Kenya chura mdogo ambaye hakufanana na yeyote anayejulikana. Alikuwa mmoja tu. Wanasayansi walimchunguza kwa miaka, na mwaka wa 2023 wakatangaza kwamba ni wa ukoo mpya kabisa, wakampa jina la Kenyaphrynoides vulcani. Wanakadiria ukoo huo ulijitenga na jamaa zake miaka milioni 20 hivi iliyopita. Mlima Kenya wenyewe, ambao ulikuwa volkano, una umri wa miaka milioni tatu au zaidi kidogo. Yaani chura ni mkubwa kuliko mlima wake!

"Na hakuna aliyemwona tena?" binti akauliza.

"Tafuta," mzee akasema.

Mkebe wa chakula

Ilikuwa wakati wa kulala ndipo siri ilipofichuka. Nilifungua mkebe wa chakula wa kijana nitoe mabaki ya mkate, nikakutana na jicho.

Sitaeleza ukelele nilioupiga, ila wapiga kambi wengine walikuja na rungu. Ndani ya mkebe, juu ya majani, alikuwa yule kinyonga jike wa kwa cucu. Kijana alikuwa amemchukua alfajiri kabla hatujaondoka, na kila tuliposimama njiani alikuwa akimfungulia kidogo apate hewa.

Baba yake alianza kugomba, lakini kijana akatokwa na machozi. "Cucu alisema tukiondoka atamkata," akasema.

Mzee alimtazama mnyama kwa tochi, akambonyeza kidogo pembeni mwa tumbo. Akasema huyu ana mimba. Kinyonga wa pembe tatu hatagi mayai chini kama vinyonga wengi. Hubeba watoto tumboni kwa miezi sita au zaidi na huwazaa wakiwa hai, pengine wanane, pengine thelathini. Na hapaswi kuachwa pale Naro Moru, mahali asipopajua, penye baridi na ukavu wake. Alikotoka ndiko arudishwe. Isitoshe, sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 haimruhusu mtu kumchukua mnyama wa porini bila kibali, awe ndovu au kinyonga.

Kisha mume wangu akasimulia kisa cha Hawaii, nami nakirudia kwa sababu wazazi wengi hawakijui. Mwaka wa 1972 mwenye duka la wanyama katika kisiwa cha Oahu aliagiza vinyonga kutoka Kenya, wa aina hii hii yenye pembe tatu. Walifika wamekonda na wana kiu, naye kwa huruma akawaachilia bustanini wapate nguvu. Walipata nguvu, wakaenda zao. Leo wamezagaa katika visiwa kadhaa vya huko na wanawala konokono na wadudu ambao hawapatikani popote pengine duniani. Yule bwana naye alikuwa na nia njema.

Tulimhamisha mama mjamzito kwenye katoni lenye matawi na kulinyunyizia maji, kwani kinyonga hunywa matone yaliyo majanini. Nililala upande wa pili wa hema.

Juu mlimani

Siku iliyofuata tulikodi Land Rover hadi lango la hifadhi, kiasi cha kilomita 17 kutoka mjini, na kutoka hapo hadi kwenye kituo cha hali ya hewa kilicho mita 3,050 juu ya bahari. Hapo chini ukungu ulikuwa mzito katika mianzi, lakini kufikia saa nne jua lilitoka. Mzee akasema sasa.

Kwenye vichaka vya mlimani tulimwona kinyonga mdogo asiye na pembe, amejigeuza ubavu mzima kulielekea jua na kuwa mweusi upande huo, mwembamba upande wa pili. Huyu anapatikana Mlima Kenya peke yake. Usiku uliotangulia alilala katika baridi inayokaribia kugandisha maji. Yeye pia huzaa watoto hai, na sasa watoto wangu walikuwa na sababu mbele yao. Mayai yakifukiwa katika udongo wa huko juu yangeganda, lakini mama anaweza kuyabeba tumboni na kuyapeleka juani kila asubuhi.

Niliweza kumtazama kwa hatua mbili. Naona hilo liandikwe.

Tulirudi Tetu kesho yake. Mume wangu alikuwa akiendesha, watoto walikuwa nyuma wamelala, na katoni halikuwa na mahali pengine ila mapajani mwangu. Lilitikisika kidogo kila tulipopita tuta. Tulipofika mimi ndiye niliyeshuka nalo, nikatoa kitawi na aliyekuwa juu yake, nikakifunga kwenye ua. Cucu alinitazama nikifanya hivyo. Hakuuliza neno, nami sikumweleza.

Watoto walimwambia tu kwamba ana mimba, na wakamwomba.

Kazi ya shule ilipata alama nzuri, ingawa mwalimu aliandika kwamba chura mmoja hakutajwa jina. Kuhusu mikaratusi, ndugu yangu amesema atafikiri baada ya kuuza iliyokomaa, na karo ya muhula huu imekwisha kulipwa kwayo. Sijui.

Ila majuma matatu baadaye cucu alinipigia simu saa moja ya asubuhi, saa ambayo mimi huogopa simu kutoka nyumbani.

"Yule mgeni wenu amezaa," akasema kwa sauti ya mtu aliyepewa mzigo. "Wadogo kama njiti za kiberiti. Nimehesabu kumi na mmoja, na kuku walikuwa wamekwisha kula wawili kabla sijatoka."

Nikamuuliza sasa itakuwaje.

"Itakuwaje? Nimewafungia kuku," akasema. "Lakini mwambie mtoto ni mpaka Jumapili tu."